Shaba ya Kilembe: Namna Metali Inavyotengwa na Mawe Yake

Msafiri H. M. Stanley alipofika Karagwe mwaka 1876, Omukama Rumanyika alimwonyesha nyumba yake ya hazina. Humo mlikuwa na mikuki na vifaa vya chuma vilivyofuliwa kwa ustadi mkubwa, na pamoja navyo sanamu za bata zenye mabawa ya shaba nyekundu na sanamu za ng'ombe za shaba hiyo hiyo. Chuma kilikuwa cha nyumbani. Mafundi wa Karagwe walikiyeyusha wenyewe kwa makaa na mivukuto, na mavi ya chuma waliyoyaacha yangali yanaonekana ardhini. Shaba ilikuwa bidhaa ya ugenini. Waya wa shaba ulikuwa mzigo wa kawaida katika misafara ya pwani, na wafanyabiashara wa pwani walikuwa na kituo chao huko Kafuro, karibu na makao ya Omukama.

Karagwe haikujaliwa shaba, lakini ilijaliwa bati. Kijana wa Ihembe akifika katika machimbo ya Kyerwa anaweza kutia kiganjani vipande vyeusi vya kasiteriti na kustaajabia uzito wake. Kasiteriti ndiyo mbale ya bati. (Neno "mbale" lina maana ya mawe yaliyo na metali ya kutosha kufaa kuchimbwa, lisichanganywe na mji wa Mbale ulioko Uganda.) Ni nzito karibu mara saba kuliko maji, hali mchanga wa kawaida hauzidi mara mbili na nusu au zaidi kidogo. Kwa sababu hiyo mchimbaji mwenye karai na maji ya mto aweza kuitenga: mchanga huchukuliwa na maji, bati hubaki chini. Kisha ni kazi ya makaa. Kasiteriti ni oksidi, yaani bati lililoungana na oksijeni, na kaboni iliyomo katika makaa yenye joto kali huipokonya ile oksijeni:

SnO₂ + 2C → Sn + 2CO

Mbale za chuma za Karagwe nazo ni oksidi, na fundi wa kale alizishinda kwa njia iyo hiyo. Hali kadhalika shaba ya Katanga. Kwa karne nyingi kabla ya Wazungu kufika, mafundi wa huko waliyeyusha malakiti, jiwe la kijani lenye shaba, kaboni na oksijeni, wakapata misalaba ya shaba iliyotumika kama fedha.

Basi mwanafunzi mwerevu atauliza: ikiwa makaa yalitosha kwa chuma, bati na shaba ya Katanga, kwa nini shaba ya Kilembe ilihitaji kinu, reli na bwawa la umeme?

Kilembe iko ng'ambo ya Mto Kagera, kaskazini-magharibi ya Karagwe, chini ya milima ya Rwenzori katika Wilaya ya Kasese nchini Uganda. Mgodi ulianza kutoa shaba mwaka 1956, mwaka ule ule reli kutoka Kampala ilipofika Kasese, na uchimbaji ulikoma mwaka 1982. Katika muda huo zilichimbwa takriban tani milioni 16 za mbale yenye shaba karibu asilimia 2. Madini yenyewe ni kalkopiriti, CuFeS₂, jiwe la rangi ya manjano ya dhahabu ambalo limewahadaa watu wengi. Humo shaba haikuungana na oksijeni hata kidogo. Imeungana na chuma na salfa.

Hapo ndipo lilipo fumbo lote. Kaboni ina mvuto mkubwa kwa oksijeni, lakini mvuto wake kwa salfa ni hafifu. Mtu akichoma kalkopiriti pamoja na makaa bila hewa ya kutosha, hata akivuta mivukuto siku nzima, makaa hayataipokonya shaba salfa yake. Inabidi itafutwe elementi nyingine ya kuichukua hiyo salfa, na elementi hiyo ni oksijeni yenyewe. Kwa hiyo shaba ya salfidi hupatikana kwa kuunguza, si kwa makaa. Na ustadi wote ni kuunguza kwa kipimo, ili chuma na salfa viungue na shaba isalie.

Kabla ya hapo liko tatizo la wingi. Katika tani moja ya mbale ya Kilembe mna kilo 20 hivi za shaba. Kwa kuwa shaba ni asilimia 34.6 ya uzito wa kalkopiriti, kilo 20 hizo zimo katika kilo 58 za kalkopiriti. Zinazosalia, yaani zaidi ya kilo 940, ni mawe na madini mengine. Kuyeyusha tani nzima kwa ajili ya kilo 58 ni kupoteza moto. Wala njia ya karai haifai hapa, maana kalkopiriti haina uzito wa kasiteriti, na punje zake ni ndogo mno, zimefumbatwa ndani ya jiwe. Mbale husagwa kwanza mpaka iwe laini kama unga, ndipo punje za madini zinapoachana na punje za jiwe. Kisha unga huo huelezwa kwa povu.

Njia ya povu yastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu inapingana na mazoea: madini mazito huelea na jiwe jepesi huzama. Unga huchanganywa na maji katika matangi, na hutiwa kiasi kidogo sana cha kemikali iitwayo zantheti. Molekuli ya zantheti ina pande mbili. Upande mmoja una salfa na hushikamana na uso wa salfidi. Upande wa pili ni wa hidrokaboni, nao huyakimbia maji kama mafuta yanavyoyakimbia. Punje ya kalkopiriti iliyovikwa zantheti hailowi tena. Hewa inapopulizwa kutoka chini ya tangi, punje hiyo hujinata kwenye kiputo ili kuyaepuka maji, ikapanda nacho hadi juu, ambako povu hukombwa. Punje ya jiwe haishikwi na zantheti. Hulowa na kuzama.

Kilembe ilikuwa na shida ya ziada. Pamoja na kalkopiriti kulikuwa na piriti, FeS₂, ambayo nayo ni salfidi na ingependa kuelea. Dawa ya kawaida ni chokaa: maji yakiwa na alikali ya kutosha, uso wa piriti hubadilika na zantheti haishiki vizuri. Kwa hiyo shaba huelezwa kwanza, na piriti hufuata peke yake katika hatua ya pili. Piriti ya Kilembe haikutupwa kama takataka nyingine, kwa kuwa ndani yake mlikuwa na kobalti zaidi kidogo ya asilimia 1. Ilipelekwa Kasese na kulundikwa huko, ikingojea siku ambapo ingefaa kitu. Lundo hilo tutalirudia.

Unga wa shaba uliokombwa, ambao kwa kawaida huwa na shaba kati ya asilimia 20 na 30, ulisafirishwa kwa reli hadi Jinja. Kiwanda cha kuyeyusha kilijengwa huko na si mgodini kwa sababu ya umeme wa bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954. Makaa ya mawe hayapatikani karibu, lakini maji ya Mto Naili yalikuwapo.

Katika tanuri, kwenye joto la nyuzi 1,200 hivi za Selisiasi, unga huyeyuka pamoja na mchanga. Sehemu ya chuma iliyokwisha kuunguzwa ikawa oksidi huungana na mchanga na kufanya mavi ya tanuri:

FeO + SiO₂ → FeSiO₃

Mavi haya huelea, na chini yake hukaa maji mazito ya salfidi ya shaba na salfidi ya chuma, ambayo wataalamu huyaita mati. Sheria inayotawala hapa ni rahisi: chuma huipenda oksijeni kuliko shaba inavyoipenda. Maadamu chuma cha salfidi bado kipo, shaba haitaungua, chuma kitaikinga.

Mati humiminwa katika pipa kubwa la chuma lililopambwa ndani kwa matofali yasiyoyeyuka, na hewa hupulizwa humo. Jambo la kustaajabisha ni kwamba hakuna kuni wala umeme unaohitajika tena. Salfa na chuma vinavyoungua hutoa joto la kutosha kuendeleza kazi. Kwanza huondoka chuma:

2FeS + 3O₂ → 2FeO + 2SO₂

Mchanga huongezwa, mavi humwagwa, na inapobaki salfidi ya shaba peke yake, hewa huendelea kupulizwa. Sehemu ya shaba sasa hugeuka oksidi, na oksidi hiyo huishambulia salfidi iliyosalia:

2Cu₂S + 3O₂ → 2Cu₂O + 2SO₂
Cu₂S + 2Cu₂O → 6Cu + SO₂

Msomaji aitazame vizuri milinganyo hii ya mwisho. Hakuna kaboni popote. Shaba imejikomboa yenyewe, oksidi yake ikiiokoa salfidi yake.

Shaba inayomiminwa hapo ni safi kwa asilimia 98 au 99. Inapoganda, gesi iliyonaswa ndani hutoka na kuacha uso wenye malengelenge, kwa hiyo huitwa shaba ya malengelenge. Hiyo ndiyo iliyotoka Jinja na kupelekwa nje kupitia Mombasa, jumla ya takriban tani 270,000 katika maisha yote ya mgodi. Ukilinganisha na shaba iliyokuwamo katika mbale, ni karibu asilimia 85. Iliyobaki imo katika mavi na katika mabaki ya kinu.

Kwa sufuria, asilimia 99 yatosha. Kwa waya wa umeme haitoshi, kwa sababu hata chembe chache za aseniki au fosforasi hupunguza sana uwezo wa shaba wa kupitisha umeme. Usafishaji wa mwisho hufanywa kwa umeme wenyewe, na mwalimu aweza kuuonyesha darasani kwa betri mbili, vipande viwili vya shaba na bilauri ya mrututu, yaani salfeti ya shaba, iliyoyeyushwa katika maji. Kipande kilichounganishwa na upande chanya hupungua. Cha upande hasi huongezeka. Kiwandani, kibao cha shaba chafu huwa anodi. Shaba yake huyeyuka kama ioni na kujipanga upya kwenye kathodi ikiwa safi kwa asilimia 99.99. Chuma na nikeli nazo huyeyuka, lakini hubaki katika maji kwa kuwa volti ni ndogo mno kuziganda. Dhahabu na fedha haziyeyuki kabisa. Huanguka chini kama matope, na matope hayo huuzwa kwa bei nzuri. Vibao vya kathodi za Zambia vimekuwa vikishushwa bandarini Dar es Salaam tangu reli ya TAZARA ilipoanza kazi katika miaka ya 1970.

Sasa tuirudie salfa, ambayo wanafunzi wengi huiacha pindi inapoandikwa SO₂ upande wa kulia. Katika kalkopiriti, kila kilo moja ya shaba huambatana na kilo moja ya salfa. Ikiungua hutoa kilo mbili za dioksidi ya salfa. Gesi hiyo ikikamatwa yaweza kufanya kilo tatu hivi za tindikali ya salfuriki. Ikiachwa, hurudi kama mvua chachu. Kwa hiyo tani 270,000 za shaba maana yake ni zaidi ya nusu ya tani milioni ya gesi.

Na ile piriti ya Kasese? Lundo lilifikia takriban tani milioni moja, likakaa wazi kwa miaka mingi. Piriti iliyosagwa ikikutana na hewa na mvua haingoji tanuri:

4FeS₂ + 15O₂ + 14H₂O → 4Fe(OH)₃ + 8H₂SO₄

Kazi hii huharakishwa na bakteria wanaopata nishati yao kwa kuunguza chuma na salfa, wala hawadhuriki na tindikali. Maji machachu yenye shaba, kobalti na nikeli yalitiririka kutoka lundoni hadi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, kuelekea Ziwa George, yakaacha ukanda wa ardhi ambapo mimea ilikufa.

Kuanzia mwaka 1999 kiwanda kilichojengwa Kasese kiliwatumia bakteria wa jamii hiyo hiyo kwa faida. Piriti ilitiwa katika matangi makubwa yenye hewa na joto la nyuzi 40 na ushei, bakteria wakaifumua, tindikali ikapunguzwa kwa mawe ya chokaa, na kobalti ikagandishwa kwa umeme. Kile ambacho mvua ilikuwa ikikifanya hifadhini bila msimamizi, matangi yalikifanya kwa siku chache na chini ya uangalizi. Kazi iliendelea, ikikatizwa mara kwa mara, hadi lundo lilipokwisha mnamo mwaka 2013.

Mabaki ya kinu cha Kilembe hayakuwa na bahati hiyo. Yalimwagwa bondeni kandokando ya Mto Nyamwamba, mto ambao wakazi wa Kilembe na Kasese huutegemea. Mwezi Mei 2013, na tena Mei 2020, mto huo ulifurika vibaya, ukavunja nyumba na kuiharibu hospitali ya Kilembe, na kila mafuriko hubomoa kingo za mabaki hayo na kuyashusha bondeni pamoja na shaba, kobalti na salfa ambayo bado haijaungua.