Je, wajua? Mashine ya boti huhisi kimo cha Meru

Arusha si mji wa mashine za boti. Duluti ni ziwa la kasia, na hata Momella Ndogo, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, watalii hupiga kasia. Lakini chukua mashine kuukuu ya tustroki, tuseme Yamaha ya farasi 40 kama zile zilizozoeleka mwambao, uipandishe kutoka Tanga hadi gereji ya Arusha. Baharini ilikuwa ikitulia vizuri. Huku, chini ya Mlima Meru, mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, inakohoa, inatoa moshi mzito, na ukiachia mafuta inazima.

Kinachobadilika ni hewa. Kabureta haipimi chochote: hewa inapita kwenye koo lake jembamba, mgandamizo unashuka, petroli inanyonywa. Hewa ya Arusha ni nyepesi kuliko ya Tanga kwa karibu asilimia 13. Petroli nayo hupungua, ila kwa takribani nusu ya kiwango hicho tu, kwa kuwa mtiririko wake hufuata kipeuo cha pili cha uzito wa hewa. Hivyo mchanganyiko unabaki na petroli ya ziada, asilimia 7 hivi, na mwendo wa taratibu, ule mafundi wanaouita sailensi, ndio wa kwanza kuyumba.

Hata hivyo, kabla ya kuusingizia mlima, safisha. Petroli iliyokaa miezi ndani ya mashine ya zamani huacha utomvu kabureta inapokauka, na tundu linalolisha sailensi ndilo jembamba kuliko yote. Mashine ya namna hiyo hukimbia vizuri ukiifungulia, kisha hufa ukiipunguza. Dalili hiyo peke yake inatosha kukufanya ufungue kabureta na kupuliza kila njia kwa hewa ya kompresa. Usichokonoe kwa waya, maana tundu likipanuka halirudi.

Halafu tafuta silinda mvivu. Mashine ikiwa inaunguruma taratibu, chomoa waya wa plagi moja kwa koleo lenye mpini wa plastiki, urudishe, kisha chomoa wa pili. Ukichomoa na mlio usibadilike, umempata mgonjwa. Plagi yake ikiwa nyeusi na imelowa, petroli imezidi au moto ni hafifu. Ikiwa nyeupe, kuna hewa inayoingia isikotakiwa, mara nyingi kupitia sili za krankishafti zilizochoka au gasketi ya kabureta. Pima kompresheni za silinda zote mbili pia. Zikipishana sana, hakuna skrubu itakayoponya hilo.

Skrubu ya sailensi ije mwisho. Ifunge polepole hadi iguse, bila kukaza, kisha ifungue mzunguko mmoja hadi mmoja na nusu, ndiyo sehemu ya kuanzia kwa mashine nyingi. Sogeza kidogo kidogo, ukisubiri kidogo kila mara ili mashine ikujibu.

Sasa linakuja jambo la hatari. Fundi wa Arusha akiipunguzia petroli mpaka ikatulia, kisha mashine ikashuka Tanga kwenye hewa nzito, petroli itakuwa haba. Na tustroki hupata oili yake kutoka kwenye petroli hiyohiyo. Petroli ikipungua, ulainisho unapungua na joto linapanda, pistoni inakwaruza silinda na mwishowe inakamata. Mashine inayokwenda Ziwa Victoria, mita 1,134, haitapishana sana na Arusha. Ile ya Nyumba ya Mungu, bwawa linalopokea maji ya Meru kupitia mto Kikuletwa, itafanya kazi chini ya mita 700, kwa hiyo inahitaji kupimwa upya.

Pipa la maji la gereji nalo hudanganya. Moshi unaotoka chini, kwenye propela, hauna pa kwenda. Unajaa juu ya pipa na kabureta inauvuta tena, mashine inayumba bila kosa lolote. Pipa litumike kuhakikisha inawaka na inatema maji ya kupoza. Sailensi yenyewe irekebishwe ziwani au baharini, mashine ikiwa imefungwa kwenye boti yake, imepata moto, na gia imeingia.