Kwa nini mtu huanza kuitafuta nasaba yake, na nini kinamlazimu akishaijua

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Allah Subhanahu wa Taala, aliyetuumba sote kutokana na nafsi moja. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu Waislamu, kila inapokaribia Ramadhani, katika nyumba nyingi za visiwani kwetu huandikwa karatasi ya majina ya marehemu, akapewa maalim ili wasomewe khitma na kuombewa dua. Kwetu sisi karatasi hiyo niliiandika mimi tangu nikiwa skuli, kwa kuwa khati yangu ilikuwa inasomeka. Kila jina lilikuwa na ubini wake: fulani bin fulani, fulani bint fulani. Isipokuwa jina moja. Mama wa babu yangu mzaa baba alikuwa na jina lake tu, basi. Nilipouliza baba yake ni nani, wakubwa walinambia, "Wewe andika tu." Nikaandika tu, miaka mingi.

Naanza na karatasi hiyo kwa sababu suali ninaloulizwa sana siku hizi ni hili: je, kuitafuta nasaba ni jambo la dini, au ni kurudisha ukabila? Jibu linategemea kilichomfanya mtu aanze kutafuta, na anachokusudia kukifanya akishapata. Amali huenda kwa nia. Basi tuzitazame sababu zinazowasukuma watu, moja baada ya moja.

Msiba

Wengi huanza baada ya maziko. Mzee amefariki, matanga yamekwisha, na watoto wanagundua kuwa yeye ndiye aliyekuwa anajua nani ni nani. Wamekuja watu msibani wakalia kuliko wenye nyumba, na hakuna wa kueleza wana udugu gani na marehemu. Hapo ndipo mtu huchukua daftari. Hii ni sababu njema, ila imechelewa. Aliye na bibi hai leo asingoje.

Mirathi

Chukua mfano huu. Mtu amefariki ameacha mke na binti mmoja. Baba yake na babu yake wametangulia, na ndugu hana. Baada ya gharama za maziko, madeni na wasia, mke anapata thumni na binti anapata nusu. Zinabaki sehemu tatu katika nane, nazo ni haki ya asaba aliye karibu zaidi: huenda ni ami yake, au mtoto wa kiume wa ami yake. Yuko wapi huyo? Pengine yuko Wete, Mombasa au Maskati, wala hajui kama jamaa yake amefariki. Asipojulikana, haki yake huliwa na watu ambao pengine wanaswali safu ya mbele na hawajui kama wanakula mali ya mtu. Ndiyo maana wanavyuoni wamesema kujua katika nasaba kile kinachohitajika kwa mirathi na ndoa ni jambo la lazima, si la hiari.

Ndoa

Wazee wetu walikuwa watu wa safari. Baharia alioa Unguja, akaoa na Lamu. Mchumaji karafuu alikwenda Pemba msimu mmoja akaacha mtoto. Watoto wa baba mmoja wanaweza kukulia mbali wasijuane, na siku moja wajukuu zao wakakutana chuo kikuu.

Lakini khatari iliyo karibu zaidi ni ya maziwa. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, mtoto aliyenyonya minyonyo mitano kabla ya kutimiza miaka miwili amekuwa mtoto wa mwanamke yule. Sasa fikiri mtoto aliyenyonyeshwa na bibi yake mzaa baba, kwa kuwa mama yake alikuwa mgonjwa. Huyo amekuwa ndugu wa ami zake na shangazi zake. Binti wa ami yake, ambaye kwa asili angeweza kumuoa, sasa ni mtoto wa ndugu yake na ni haramu kwake. Mambo haya hayaandikwi katika cheti cha kuzaliwa. Wanayajua kina mama, na wao hawaishi milele. Basi wanaposhughulikia posa, wazazi waulize na hili.

Safari na hati

Baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964, koo nyingi zilitawanyika. Baada ya Sultan Qaboos kushika utawala Oman mwaka 1970, wengi wenye asili ya huko waliokuwa wameishi Zanzibar walihamia, na leo wajukuu wa waliobaki wanatafuta ushahidi wa babu ili nao wapate hati. Mtu kuitafuta nasaba yake ya kweli kwa maslahi ya halali hana makosa. Ila asiongeze wala asinunue jina la babu wa mtu. Katika hadithi iliyomo ndani ya Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) ametoa onyo zito la kukoseshwa Pepo kwa anayejinasibisha na asiye baba yake hali ya kuwa anajua. Hakuna pasipoti inayolingana na khasara hiyo.

Fakhari

Wako wanaotafuta ili wapate cha kujivunia. Si wote wanaohifadhi nasaba wako hivyo. Ziko nyumba zenye asili ya Hadhramaut zilizotunza shajara zao kizazi kwa kizazi kama amana, na hilo halina lawama. Lawama ni kumdharau mwenzio kwa shajara hiyo. Mtume (s.a.w.) amehesabu kujifakharisha kwa nasaba kuwa ni katika mabaki ya zama za ujahili, na ametufundisha kwamba aliyerudishwa nyuma na amali zake hatasogezwa mbele na ukoo wake. Aya ya 13 ya Suratul Hujurat imelimaliza jambo hili: tumefanywa mataifa na makabila ili tujuane, na mbora wetu ni mchamungu zaidi.

Upande tunaouficha

Kuna jambo ambalo hatulizungumzi kwa uwazi. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na utumwa ulifutwa kisheria hapa mwaka 1897. Hiyo si zama ya mbali. Wazazi wa babu zetu walikuwa hai. Damu ya watu walioletwa kutoka Nyasa, Manyema na kwengineko imo ndani ya nyumba nyingi, zikiwemo zile zinazotaja babu wa Kiarabu tu. Tunamtaja baba aliyekuja na jahazi kwa khiari yake, na tunamnyamazia mama aliyeletwa kwa nguvu. Wazee walisema mwacha asili ni mtumwa. Sisi tumeiacha asili ili tusiitwe watumwa!

Anayeona aibu kwa bibi yake na amkumbuke Bi Hajar, mama wa Nabii Ismail (a.s.). Alikuwa mjakazi, na nasaba bora kuliko zote, ya Mtume wetu (s.a.w.), imepitia tumboni mwake. Mahujaji wote wanasai kwa kufuata nyayo zake. Amkumbuke na Ummu Ayman, mjakazi aliyemlea Mtume (s.a.w.). Aibu ni ya aliyemuuza binadamu aliye huru, si ya aliyeuzwa.

Vipi kuanza, na mipaka yake

Anza na walio hai, na anza na kina mama. Uliza nani alimnyonyesha nani. Kisha tazama hati za ndoa, hati za mashamba na za wakf, na nyaraka zilizohifadhiwa Kilimani. Andika na tarehe na jina la aliyekueleza, kwani habari bila ya msemaji haina nguvu.

Jihadhari na mambo mawili. La kwanza, usifukue aibu ya marehemu ambayo Allah ameisitiri, ikiwa haki ya mtu haitegemei. La pili, vipimo vya vinasaba. Sharia imeithibitisha nasaba ya mtoto kwa ndoa ya wazazi wake, na haijuzu kuitia shaka kwa udadisi tu. Ikiwa ipo dharura, peleka jambo kwa Kadhi kabla ya kwenda maabara.

Na ukishajua, kazi ndiyo kwanza imeanza. Katika hadithi aliyoipokea Imamu Tirmidhi, Mtume (s.a.w.) ametuhimiza tujifunze nasaba zetu kwa kiasi cha kutuwezesha kuunga udugu, kwani kuunga udugu huleta mapenzi katika jamaa. Basi kila jina utakaloliandika lina haki juu yako: aliye hai umpigie simu, umtembelee, umsaidie, aliyekufa umuombee.

Nami nilijibiwa baada ya kuwa mtu mzima. Shangazi yangu, akiwa mgonjwa, alinambia kuwa mama wa babu aliletwa kutoka bara akiwa mtoto mdogo, na jina la baba yake hakulikumbuka. Si kwamba tulilificha. Aliporwa. Katika Suratul Ahzab, aya ya 5, Allah ameamrisha watu waitwe kwa baba zao, na wale ambao baba zao hawajulikani amewafanya kuwa ndugu zetu katika dini. Nilikuwa nimeihifadhi aya hiyo tangu chuoni, wala sikujua kuwa inazungumza na karatasi yetu.

Sasa karatasi anaiandika binti yangu. Jina lile linakaa la mwanzo, na anajua kwa nini halina ubini.

Tunamuomba Allah awarehemu wazee wetu, tunaowajua na tusiowajua, na atujaalie ni wenye kuunga udugu. Amin. Wallahu a'lam.