Miwani ya Binti Yangu

Binti yangu anavaa miwani ya namba hasi 7. Yuko darasa la pili, anakaa dawati la mbele, anasoma ubaoni mwenyewe. Watu wakiona vile vioo vinene hunipa pole. Mimi namshukuru Mungu.

Alizaliwa wiki ya 28, gramu 1,050. Mishipa ya damu ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, hukamilika karibu na wiki ya 40. Kwa njiti kazi hiyo hukatikia njiani, na oksijeni ikizidi huivuruga zaidi. Baadaye mishipa huota ovyo, huleta kovu, na kovu likivuta retina hubanduka. Ukimtazama mtoto usoni huoni kitu. Jicho linang'aa tu.

Wiki ya nne tangu azaliwe nilitaka kuahirisha kliniki ya macho, kwa kuwa alikuwa ananyonya vizuri. Sista akanishika mkono: "Mama, nenda leo." Daktari alimtia matone, akamtanua kope kwa kijichuma, akachungulia kwa taa ya kichwani. Mwanangu alilia hadi sauti ikakauka. Siku mbili baadaye akapigwa leza. Leza huchoma ukingo wa retina ambao mishipa haijaufikia, ili usiendelee kuchochea mishipa mibaya. Ukingo ule hauoni tena, lakini katikati panapona.

Nilidhani tumemaliza. Kumbe matibabu yale huokoa jicho bila kulirudisha kuwa kama la mtoto aliyetimiza miezi. Marekani, kuanzia 1986, madaktari waligandisha kwa baridi kali retina za watoto wa aina hii. Wengi walitibiwa jicho moja, la pili likaachwa ili yalinganishwe. Walipofika miaka 15, katika kila macho 100 yaliyotibiwa, kama 45 yalikuwa na uoni hafifu sana au hayaoni kabisa. Kwa yaliyoachwa, yalikuwa 64 katika kila 100. Leza imeleta nafuu kubwa kuliko hapo. Hata hivyo, kuona karibu tu na makengeza huwapata wengi, na katika utafiti ule retina chache zilibanduka baada ya mtoto kutimiza miaka 10.

Kwa hiyo sisi bado tunakwenda kliniki kila mwaka. Nawe mwenye njiti wa chini ya gramu 1,500, mpeleke akaangaliwe macho akifika wiki nne, hata kama mmesharuhusiwa nyumbani. Akitibiwa, kadi yake ya macho usiitupe.