Tujifunze Kuvaa Kabla ya Kununua

Msimu wa Tamasha la Muziki la Kenya ukaribiapo, walimu wa Kanamkemer na mitaa mingine ya Lodwar hawana budi kutafuta shanga, ngozi na shuka za kuwavisha wanafunzi watakaocheza ngoma za Kiturkana. Swali la kwanza sokoni huwa ni bei. Swali lililo muhimu zaidi, yaani vazi hili ni la nani, mara nyingi haliulizwi.

Hilo ni kosa la kielimu. Mavazi ya Kiturkana yana sarufi yake. Pete ya chuma ya shingoni iitwayo alagama ni alama ya mwanamke aliyeolewa. Ngozi ya nyuma, abwo, haichanganywi na ile ya mbele. Kigoda cha ekicholong ni cha mwanamume, naye hukikalia na pia kukifanya mto. Msichana wa darasa la saba akivishwa alagama kwa kuwa yang'aa, mavazi yake yatawaambia wazee waliokaa mbele kwamba yeye ni mke wa mtu.

Wajapani walikwisha kukutana na tatizo hili. Kimono huvaliwa pindo la kushoto likiwa juu ya lile la kulia. Maiti ndiye avishwaye kinyume. Furisode, yenye mikono mirefu inayoning'inia, ni ya mwanamwali asiyeolewa. Baada ya Vita Kuu vya Pili mavazi ya Kizungu yalitawala maisha ya kila siku, na wasichana wengi wakakua bila kujua kujifunga kimono. Ikabidi zifunguliwe shule za kufundisha kuivaa, na watu wakalipa karo ili wafundishwe jambo ambalo bibi zao walilijua bila kulisomea.

Turkana hatujafika huko, lakini njia ni ile ile. Ukame wa 2020 hadi 2023 uliangamiza mifugo mingi na kuzisukuma familia mjini. Ngozi iliyotoka katika zizi la nyumbani sasa hununuliwa, na binti hukua mbali na mikono iliyojua kuilainisha na kuitunga shanga. Tamasha la Tobong'u Lore, liwakutanishalo Waturkana na ndugu zao Wakaramoja, Watoposa na Wanyangatom, ni jambo jema. Hata hivyo, siku chache za sherehe haziwezi kujaza pengo la mafunzo ya mwaka mzima.

Mwalimu aliyehamishwa kutoka Kakamega au Machakos hana lawama asipoijua sarufi hii. Lawama itakuja akikataa kuuliza. Kabla ya kwenda sokoni, na awaalike shuleni bibi wawili watatu wa mtaani, wawaeleze wanafunzi kila vazi ni la umri gani na la hadhi gani, kisha waandamane naye kuchagua. Akionyeshwa shanga za gamba la yai la mbuni, akumbuke kuwa sheria ya wanyamapori ya 2013 yataka leseni kwa biashara ya namna hiyo. Na bibi hao walipwe ujira, kama alipwavyo mkufunzi yeyote.

Nanyi wanafunzi, msingoje mwalimu. Waulizeni wazee wenu leo, wangali nyumbani, na maarifa yao hayauzwi katika duka lolote la Lodwar.