Mwalimu wa Historia Anapostaafu, Tumpe Nini?

Mwalimu wetu anapofikia wakati wa kupumzika, tunajua la kufanya. Tunamwita mbele ya kanisa au ya shule, tunasoma hotuba, tunampa kikwembe au mbuzi, tunapiga picha, kisha tunakula pamoja. Hayo ni mazuri, nasi tusiyaache. Lakini katika vyuo vikuu kuna desturi nyingine ambayo inatufaa tuielewe, kwa sababu inagusa hata maisha ya makanisa yetu hapa mashariki mwa Kongo.

Profesa anapostaafu, wanafunzi wake wa zamani humwandikia kitabu. Katika vyuo vya Kifaransa kitabu cha namna hiyo huitwa mélanges. Hakijazwi sifa tu. Kila mwanafunzi analeta utafiti wake mwenyewe, uliofanywa kwa njia aliyofundishwa, na wakati mwingine anapingana na mwalimu wake kwa heshima. Ni kama kumwambia: «Mbegu uliyopanda imezaa, tazama mavuno.»

Mfano mmoja unatuhusu kwa karibu. Jan Vansina alizaliwa Ubelgiji mwaka wa 1929. Alisomea historia ya Ulaya ya zamani huko Leuven, na miaka ya 1950 akaja Kongo kufanya utafiti kati ya Wakuba wa Kasai. Wakati ule wasomi wengi walisema kwamba watu wasio na maandishi hawana historia. Vansina aliposikiliza mashairi na masimulizi ya Wakuba, aliona kwamba yanaweza kupimwa kama vile wanahistoria wa Ulaya wanavyopima hati za kale. Mwaka wa 1961 alitoa kwa Kifaransa kitabu De la tradition orale, ambacho kilifungulia wengi mlango. Kwa miaka mingi alifundisha katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, akalea makumi ya wanahistoria wa Afrika.

Alipostaafu mwaka wa 1994, wanafunzi wake walimtolea kitabu cha heshima, Paths toward the Past. Mmoja kati ya wanne waliokihariri ni David Newbury. Huyu ndiye aliyekuja kwetu Kivu miaka ya 1970, akakaa na wazee wa kisiwa cha Idjwi, akawauliza na kuwasikiliza. Kazi hiyo ilizaa kitabu Kings and Clans, kilichotoka mwaka wa 1991. Wala hakufanya kazi peke yake: mwaka wa 1980 yeye na mwanahistoria wa hapa kwetu, Bishikwabo Chubaka, walitoa pamoja makala juu ya utafiti wa historia kandokando ya Ziwa Kivu. Hivi mafundisho yaliyoanzia Kasai yalifika Wisconsin, yakarudi ziwani kwetu.

Basi, Vansina aliwafundisha nini? Kwa maneno machache, aliwafundisha kuuliza vizuri. Mzee akisimulia jambo, tunauliza: je, aliliona kwa macho yake, au aliambiwa? Kama aliambiwa, ni nani aliyemwambia, na huyo alilipata wapi? Ukoo mwingine au kijiji jirani wanalisimulia namna gani? Na tena: simulizi hili linampa nani faida leo? Maswali haya si ya kumdharau mzee. Yanalichukua neno lake kuwa la thamani, kama ushahidi unaostahili kupimwa.

Hapa Kivu, faida yake ni kubwa kuliko alama za shule. Newbury alionyesha kwamba koo za Idjwi hazikushuka kutoka zamani zikiwa zimekamilika, bila kubadilika. Zilichukua sura yake kadiri watu walivyohama, walivyooana, walivyofanya biashara ng'ambo ya ziwa, na ufalme ulipojengeka. Katika sherehe ya malimbuko ya mwami, koo mbalimbali zilikuwa na kazi zake, hata ufalme ukawa wa wote. Sisi tunajua ni damu ngapi imemwagika mashariki kwa sababu ya maneno kama «sisi tulifika kwanza» na «wale ni wageni». Historia inayochunguzwa kwa uaminifu haiwezi peke yake kuleta amani, lakini inamnyima mchochezi mojawapo ya silaha zake.

Biblia inaijua kazi hii. Luka, kabla ya kuandika Injili yake, alifuatilia mambo kwa bidii kutoka kwa wale walioyaona. Naye Paulo alimwagiza Timotheo awakabidhi watu waaminifu yale aliyoyasikia, nao wawafundishe wengine. Hesabuni: Paulo, Timotheo, watu waaminifu, na wengine. Ni vizazi vinne katika agizo moja. Mwalimu wa kweli hafundishi ili asifiwe tu na darasa lake. Anafundisha ili darasa lake lifundishe.

Ndiyo maana makanisa yetu yana deni. Jumuiya kadhaa za Kiprotestanti za Kivu ya Kusini zimekwisha kupita miaka mia moja tangu wamisionari wa kwanza wafike. Barua na ripoti za wamisionari zimehifadhiwa Ulaya. Lakini wainjilisti wetu wa kwanza, watafsiri, akina mama waliopika na kuombea, ni nani anayeandika habari zao? Vita vya 1996, vya 2004 na vya 2025 vimepita Bukavu, na karatasi haziwezi kukimbia. Wazee nao wanaondoka.

Kila parokia inaweza kuanza. Chagueni vijana wawili wanaoandika vizuri. Watembelee wazee watano, kwa ruhusa yao, wakiwa na daftari na simu ya kurekodi. Waandike jina la msimulizi, tarehe na mahali, na yale maswali niliyoyataja. Wazee wawili wakipishana, waandike yote mawili bila kuchagua la kupendeza. Kisha watengeneze nakala mbili, moja ikae mbali na ile nyingine.

Tena, mwalimu wa historia aliyestaafu katika mtaa wenu asiachwe akae tu nyumbani. Mwiteni awaongoze vijana hao. Vansina mwenyewe, miaka saba baada ya kustaafu, alitoa kitabu kikubwa kwa Kifaransa juu ya ufalme wa kale wa Rwanda. Kustaafu hakukuzima taa yake.

Basi mpeni mwalimu mbuzi wake, anastahili. Na mwaka unaofuata, mpelekeeni daftari lililojaa.