Kunusa na Kupekua: Mbwa wa Polisi, Hodi na Sitara katika Pwani ya Olumbi

Makala haya yanachunguza swali la kisheria lenye mzizi wa kilugha: mbwa wa polisi anaponusa mzigo au mlango wa mtu, je, amepekua? Swali hili lina uzito katika Olumbi, wilayani Palma. Heroini inayosafirishwa kwa majahazi kutoka pwani ya Iran na Pakistani hushushwa katika ufuo wa Afrika Mashariki, ukiwemo wa kaskazini mwa Msumbiji. Aidha, tangu mashambulizi ya Oktoba 2017 huko Mocímboa da Praia, vizuizi vya ukaguzi vimekuwa sehemu ya maisha ya wakazi wa Cabo Delgado.

Katiba ya Msumbiji ya mwaka 2004 inalinda faragha katika ibara ya 41. Ibara ya 68 inaeleza kuwa ni mahakama pekee inayoweza kuamuru makazi ya raia yaingiwe bila ridhaa yake. Nchini Kenya, ibara ya 31 ya Katiba ya 2010 inampa mtu haki ya kutopekuliwa mwili, nyumba wala mali. Vitenzi vinavyobeba ulinzi huo ni kuingia na kupekua. Mbwa aliyesimama nje haingii wala hafungui kitu, hunusa tu. Hapo ndipo ulinzi unapopata mwanya.

Mahakama zimetofautiana. Mwaka 1983, katika shauri la Place, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kuwa kunusa mzigo wa msafiri si upekuzi, kwa kuwa hufichua tu kama dawa haramu ipo au haipo. Mahakama ya juu ya Kanada iliamua kinyume mwaka 2008, katika shauri la Kang-Brown. Mwaka 2013, katika shauri la Jardines, mahakama ileile ya Marekani iliutofautisha mlango wa nyumba: mgeni huruhusiwa na desturi kukaribia, kubisha na kungoja, bali si kuleta mbwa wa kutafuta ushahidi.

Kwa Waswahili, desturi hiyo ina jina: hodi. Apigaye hodi huomba, asipoitikiwa, huondoka. Kinachohifadhiwa ni sitara, dhana inayokusanya mwili, nyumba na heshima. Kwa wafuasi wa madhehebu ya Shafii, yaliyoenea pwani hii, kilichoguswa na mate ya mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hivyo, mbwa anayemgusa abiria humdhuru hata asipogundua chochote.

Inapendekezwa sheria itaje kunusa waziwazi. Mlangoni pa nyumba, kuhesabiwe kuwa upekuzi unaohitaji amri ya mahakama. Barabarani na bandarini, shaka yenye msingi itoshe, ili doria zisikwame. Lakini mbwa anuse mzigo uliowekwa chini, si mwili wa mwenyewe. Kwa kuwa lugha rasmi ya Msumbiji ni Kireno, masharti hayo yaelezwe pia kwa Kimwani, Kimakwe na Kiswahili. Raia asiyeijua haki yake hawezi kuidai kizuizini.