Paa la Asbesto: Hatari Huanza Linapovunjwa

Katika miji mingi ya Afrika Mashariki bado yapo majengo ya karne iliyopita yaliyoezekwa kwa mabamba ya kijivu, mazito, yenye mawimbi. Ni nyumba za watumishi, shule, maghala, na hata zahanati. Watu huyaita mabati ya asbesto, ingawa si bati: ni saruji iliyochanganywa na nyuzi za madini. Yalipendwa kwa kuwa hayashiki kutu, hayaungui, wala hayapigi kelele mvua inyeshapo. Sasa majengo hayo yamezeeka, na kila mwaka baadhi yake hukarabatiwa au kubomolewa. Jambo la kwanza ambalo mwenye jengo, fundi na mgonjwa wanapaswa kulifahamu ni hili: paa la asbesto lililo zima, lisiloguswa, huleta hatari ndogo sana kwa wakaao chini yake. Hatari kubwa huanza pale linapovunjwa, linapokatwa au linapotobolewa.

Nyuzi zisizoonekana

Asbesto ni jina la kundi la madini ya asili ambayo hupasuka na kuwa nyuzi nyembamba mno. Zikitoka katika saruji huelea hewani kwa saa nyingi bila kuonekana kwa macho, wala hazina harufu. Mtu akizivuta, baadhi hufika ndani kabisa ya mapafu, na chembe za kinga za mwili hushindwa kuziyeyusha. Hukaa humo miaka mingi zikichochea uvimbe na makovu.

Matokeo yake ni asbestosisi, yaani makovu ya mapafu yanayozidi kumnyima mgonjwa pumzi. Saratani ya mapafu. Na mesotelioma, saratani ya utando unaozunguka mapafu au tumbo. Shirika la Afya Duniani limethibitisha kwamba aina zote za asbesto husababisha saratani, zikiwemo saratani za zoloto na ovari. Maradhi haya hayaji upesi. Mesotelioma aghalabu hudhihirika baada ya miaka 20 hadi 40, au zaidi. Kijana anayekata mabamba leo atajihisi mzima kesho na mwaka ujao, na hilo ndilo humfanya adhani kwamba vumbi lile halina neno. Kwa mvutaji wa sigara, uwezekano wa kupata saratani ya mapafu huongezeka maradufu na zaidi.

Funzo la Kimberley

Waganga wa Afrika wana sababu ya pekee ya kuikumbuka historia ya maradhi haya. Katika miaka ya 1950, Dkt. C. A. Sleggs alikuwa akitibu kifua kikuu katika mji wa Kimberley, Afrika Kusini. Aliona kwamba baadhi ya wagonjwa waliojaa maji kifuani hawakupata nafuu kwa dawa za kifua kikuu, na kwamba wengi wao walitoka upande wa magharibi, yalikokuwa machimbo ya asbesto ya buluu. Mwaka 1960 yeye pamoja na J. C. Wagner na Paul Marchand walichapisha taarifa ya wagonjwa 33 wa mesotelioma. Baadhi yao hawakuwahi kuchimba madini. Waliishi tu karibu na machimbo walipokuwa watoto. Miaka mitano baadaye, utafiti wa London ulionyesha kwamba hata jamaa wa wafanyakazi waliugua kutokana na vumbi lililoletwa nyumbani katika nguo za kazi.

Mambo mawili hufuata. Kwanza, vumbi halimdhuru fundi peke yake. Humfuata hadi kwake, kwa mkewe na wanawe. Pili, ugonjwa huu hufanana na kifua kikuu, na hugunduliwa na mganga anayeuliza mgonjwa ametoka wapi na alifanya kazi gani.

Jengo likiwa na asbesto

Macho hayatoshi kuthibitisha kwamba bamba lina asbesto; huthibitishwa kwa sampuli katika maabara. Pasipo maabara, bamba lolote la zamani la saruji lenye mawimbi, na ubao wa dari wa saruji wa zama hizo, vichukuliwe kuwa na asbesto. Hatari zaidi ni vifuniko laini vya mabomba ya moto na boila katika hospitali na viwanda vya zamani, kwa kuwa humong'onyoka hata kwa kuguswa.

Paa likiwa zima, liacheni. Lisipigwe msasa, lisisuguliwe ukoga kwa brashi, lisioshwe kwa pampu ya maji yenye nguvu. Mtu asilikanyage: mabamba yaliyozeeka hukatika ghafla, na fundi huanguka. Likikaguliwa mara kwa mara, laweza kubaki hadi mipango ya kuliondoa ikamilike.

Ikibidi kuliezua, kazi hiyo ifanywe na watu waliofunzwa na wenye kibali. Tanzania, ushauri hutolewa na NEMC na OSHA. Kenya, na NEMA, kwani kanuni za taka huihesabu asbesto kuwa taka hatari. Mwenye jengo aangalie kama haya yanatimizwa:

- Wakaazi, wagonjwa na wanafunzi wanaondolewa, na eneo linazungushiwa uzio.
- Mabamba yanaloweshwa kwa maji yenye sabuni kidogo, na yanabaki na unyevu muda wote.
- Bolti na kulabu zinafunguliwa. Mabamba yanateremshwa mazima, hayatupwi chini. Grinda, drili na msumeno wa umeme havitumiki.
- Mafundi wanavaa ovaroli za kutupwa na barakoa zenye kichujio cha P3 au P100 zinazobana uso vizuri. Kitambaa na barakoa ya upasuaji havizuii nyuzi hizi. Hata N95 tuliyoizoea wodini haipendekezwi kwa kazi hii.
- Masalia yanapanguswa kwa vitambaa vibichi. Hapafagiliwi pakiwa pakavu.
- Taka zinafungwa katika nailoni nzito mara mbili, zinaandikwa onyo, na zinazikwa katika dampo lililoidhinishwa.

Vipande visitumiwe kujengea banda la kuku wala kujazia mashimo ya barabara, na visichomwe: mabamba haya yakipata moto hupasuka kwa kishindo.

Wengi huuliza kuhusu maji ya mvua yanayokingwa kutoka paa hizi. Njia kuu ya madhara ni pumzi; hakuna ushahidi thabiti kwamba nyuzi zinazomezwa huleta saratani. Hata hivyo, paa linalomomonyoka si chanzo bora cha maji ya kunywa.

Katika chumba cha mganga

Kwa mtumishi wa afya, maswali matatu yanatosha kuanzia: Umefanya kazi gani tangu ujana wako? Uliishi karibu na kiwanda au machimbo? Je, kuna mtu wa nyumbani aliyeleta vumbi la kazi katika nguo zake? Majibu yaandikwe katika faili. Mgonjwa mwenye maji kifuani asiyepata nafuu kwa dawa za kifua kikuu, na mwenye historia ya aina hiyo, apewe rufaa kwa uchunguzi wa CT na kipande cha utando.

Nawe uliyewahi kuvunja paa mara moja, usikate tamaa. Hatari hutegemea wingi wa vumbi na urefu wa muda. Eksirei ya kesho haitaonyesha lolote. Lililo jema ni kuacha sigara na kumweleza daktari wako tarehe na kazi uliyoifanya, ili baada ya miaka 30, ukija na kikohozi au pumzi fupi, anayekuhudumia ajue aanzie wapi.